Gari la Saa Kumi na Nusu

Simu ya Chome haikupokewa.

Kahaso alipiga tena. Iliita, ikaita, ikakatika.

Alikanyaga mafuta. Probox yake nyeupe iliruka mbele kwenye lami ya Msambweni. Mita mia mbili mbele yake lori la kubebea magari lilikuwa linaelekea Ukunda. Mgongoni lilikuwa na kitu kimoja tu, kimefunikwa turubai jeusi na kufungwa minyororo pande nne.

"Kozi, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Japheth, mkuu wake katika idara ya ujasusi, kwenye kidude cha sikioni. Kozi lilikuwa jina la siri la Kahaso kazini.

"Nyuma yake. Limetoka ghalani sasa hivi."

"Chome?"

"Hapokei."

"Nisomee tena ujumbe wake."

Kahaso hakuhitaji kuusoma. Chome alikuwa mlinzi wa ghala lile na kwa miezi mitano alikuwa mtu wao. Alfajiri alikuwa ameandika hivi: *Boti imeshusha bunduki. Makasha arobaini, yamefichwa kwenye lori la nazi. Yatapita leo saa kumi na nusu, njia ya Kinango hadi Mackinnon Road. Kuna vizuizi vitatu vya polisi njiani, na wao wanacheka. Sijui watapitaje.*

Tangu hapo, kimya.

Ghala lilikodiwa na mgeni aitwaye Varga. Gari lililokuwa chini ya turubai lilikuwa la Varga pia. Pwani yote ya kusini ilikuwa inalingoja.

Raika R mpya.

Kigari kifupi cha milango mitano, mkia umekatwa, injini ya turbo. Kwa miaka miwili vijana wa Ukunda na Diani walikuwa wametumiana picha zake za wizi, zilizopigwa likifanyiwa majaribio kwenye theluji likiwa limebandikwa karatasi za kuficha umbo. Waligombana juu ya taa zake. Waligombana juu ya mabomba yake ya moshi. Zaidi ya yote waligombana juu ya gia: kampuni ilikuwa imesema hakutakuwa na ya gia ya mkono, na nusu yao walikataa kuamini.

Kisha Varga alitokea na kusema gari la kwanza kuonekana Afrika Mashariki litazinduliwa Mwabungo. Hakuna aliyemuuliza kwa nini Mwabungo na si Nairobi. Mtu akiletewa anachokitamani haulizi.

Kahaso alikuwa ameuliza. Kwa sababu ya kazi, na kwa sababu nyingine moja. Mwenyekiti wa klabu ya magari ya pwani ya kusini, aliyechaguliwa kuliwasha gari lile mbele ya umati, alikuwa Baya.

Mdogo wake wa mwisho.

*

Saa kumi na robo uwanja wa Mwabungo ulikuwa umejaa. Golf, Civic, Swift, Vitz zilizoshushwa mpaka zikakwaruza nyasi. Watu kama mia tatu, wengine na watoto mabegani. Pembeni ya barabara kuu, mita mia nne kutoka pale, polisi wawili walikuwa wamekaa kivulini.

Turubai lilikuwa limeshavutwa. Raika R ilikuwa katikati ya uwanja, rangi ya chungwa, inang'aa.

Baya alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Alimwona dada yake akacheka kwa meno yote.

"Da Kahaso! Kaunti wamekupa ruhusa leo?"

"Nimejipa mwenyewe." Baya aliamini dada yake alikuwa karani wa kaunti, idara ya maji. "Mbona hujaliwasha?"

"Mzungu amekataa. Saa kumi na nusu kamili, si kabla. Ati watu wa kamera."

Kahaso alitazama huku na huku. Hapakuwa na watu wa kamera.

Kijana mmoja wa kutoka Nairobi alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari. "Buda, hii imekaa chini sana nyuma. Kwa picha haikai hivi."

"Ni springi mpya," Suleiman, makamu wa Baya, alimjibu. "Nyinyi wa bara mnajua springi?"

"Springi mpya inabeba nini, saruji?"

Watu wakacheka. Kahaso hakucheka. Kijana alisema kweli. Gari lilikuwa tupu, na mkia wake ulikuwa umelala kama umepakiwa magunia manne.

Alitoa simu mkobani na kumpigia Chome mara ya tatu.

Simu iliita. Iliita masikioni mwake. Na iliita pale uwanjani.

Hatua kumi kutoka kwake mwanamume mrefu mwenye shati la kitani alitia mkono mfukoni, akatoa simu ndogo iliyopasuka kioo, akaitazama. Kisha Varga alitabasamu na kuinua uso. Macho yake yakaanza kupita polepole juu ya umati, mtu mmoja baada ya mwingine.

Kahaso alikuwa ameshashusha simu. Alikuwa anafunga vizuri leso yake kama mwanamke mwingine yeyote.

Chome hakuwa hai tena. Alijua hilo kama alivyojua jina lake.

*

"Tupisheni! Tupisheni njia, wanangu!"

Umati uligawanyika. Bi Mishi, mama yake Suleiman, alikuwa anakuja na chetezo mkononi, makaa yamewaka, ubani unafuka moshi mzito. Nyuma yake walikuwa wanawake wanne na sinia ya halua.

Mwabungo hakuna gari jipya linalotembea kabla ya kusomewa dua na kufukizwa. Liwe la teksi, liwe la mizigo, liwe la nani. Baya, Mkristo, alikuwa wa kwanza kutoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, mama! Fukiza mpaka chini ya matairi!"

"Marahaba, mwanangu. Hebu liwe na heri, maana mlivyolisubiri hili! Hata mke hasubiriwi hivi."

Aliinama na kuanza kuzunguka. Taa za mbele. Mlango wa dereva. Kahaso hakuwa anamtazama Bi Mishi. Alikuwa anamtazama Varga.

Varga hakujua Kiswahili zaidi ya jambo na asante. Hakuna aliyemwambia habari ya chetezo. Alichokiona yeye ni kikongwe aliyebeba makaa ya moto akielekea nyuma ya gari.

Tabasamu lilimfutika usoni. Alirudi hatua moja. Mbili. Kisha aligeuka na kutembea haraka, karibu kukimbia, mpaka nyuma ya lori lililoleta gari.

Mtu wa kawaida huogopa kuchafuliwa rangi. Yule alikuwa ameogopa kufa.

Sasa Kahaso aliona yote. Saa kumi na nusu Baya anabonyeza kitufe. Watu mia tatu wanapasuka. Kila askari kutoka Lunga Lunga mpaka Likoni anakimbilia Mwabungo. Lori la nazi linapita Kinango barabara ikiwa wazi.

Saa yake ya Casio ilisoma kumi na dakika ishirini na tisa.

"Japheth. Kuna bomu ndani ya gari. Wanataka askari waache vizuizi. Mtu asitoke kizuizini, hata wakisikia mlipuko."

"Watu wangapi hapo?"

"Wengi. Naziba mawimbi. Hutanisikia kwa dakika nne."

"Baya yuko wapi?"

"Ndani."

Aliingiza mkono mkobani. Kifaa kilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni. Alibonyeza. Kidude cha sikioni kikakatika. Simu zote za uwanja zikapoteza mtandao, na kidude chochote alichokuwa nacho Varga mfukoni nacho kilikuwa kimekufa.

Kwa dakika nne tu. Na kitufe kwenye dashibodi hakikuhitaji mtandao.

Alimwendea Bi Mishi na kumshika kiwiko.

"Shikamoo, mama. Chetezo kinatosha. Dua mkaimalizie nyumbani kwako, tafadhali."

"Marahaba. Na wewe nani wa kunifundisha dua?"

"Mama, kuna petroli inavuja."

Bi Mishi alimtazama usoni. Alichokiona pale hakikuwa cha kubishana nacho. "Wanawake, twendeni," alisema, na akaondoka na moshi wake.

Umati sasa. Akipiga kelele ya bomu, watakanyagana, na Varga atajua. Akiwaomba watoke, hawatatoka. Watu hawa walikuwa wamengoja miaka miwili. Hata moto wangeutazama kwanza.

Kilichobaki ni kimoja tu.

Kahaso alivuta pumzi na kupiga ukelele.

"Ya mkono! Jamani, ipo ya pili! Ya gia ya mkono, nyekundu, iko kule barabarani inashushwa!"

Shingo zote ziligeukia barabarani.

"Nilisema!" kijana wa Nairobi alipiga kelele. "Si nilisema?"

Walikimbia. Viatu vilibaki nyasini. Baba mmoja alimbeba mwanawe kama mkoba. Suleiman aliruka juu ya boneti ya Civic ya mtu, na mwenye Civic hakugeuka hata kumtukana. Katika dakika moja uwanja wa Mwabungo ulibaki na magari, vumbi na sinia ya halua.

Na Baya.

Alikuwa bado kwenye usukani.

"Uongo," alisema. "Kampuni ilitangaza wazi. Hakuna ya mkono." Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. "Ngoja niwashe, da. Wasikie mlio wake huko waliko, warudi mbio."

"Baya, usibonyeze."

"Kidogo tu."

"Toka."

"Miaka miwili, Da Kahaso! Nimelala nalo, nimeamka nalo. Umekuja kuniharibia kwa sababu gani?"

Kahaso alifungua mkoba na kutoa bastola, Glock yenye kiziba sauti. Aliielekeza kwenye goti la mdogo wake.

"Nitakupasua mguu, Baya. Utatembea na magongo, lakini utakuwa hai. Ondoa kidole."

Baya aliitazama bunduki. Aliutazama uso wa karani wa maji. Akaondoa kidole polepole, kana kwamba kitufe kilikuwa cha kioo.

"Kuna nini humu?"

"Kifo. Kimbia upande wa minazi. Usigeuke."

Alikimbia.

Nyuma ya lori Varga alikuwa anabonyeza kidude chake, mara ya tatu, mara ya nne, kwa kidole gumba kilicholowa jasho. Alikitupa. Mkono ulienda kiunoni, kwenye bastola yake ya Makarov.

"Iache," Kahaso alisema kwa Kiingereza, kutoka nyuma yake.

Hakuiacha.

Risasi moja, begani. Bunduki ilianguka. Kahaso aliipiga teke, akamlaza Varga kifudifudi, akamfunga kwa pingu za plastiki. Alitoa mfukoni mwake simu ya Chome iliyopasuka kioo na kuishika kwa muda kidogo kabla ya kuitia mkobani.

"Wewe ni nani?" Varga aliguna.

"Dada wa dereva."

Kidude cha sikioni kilipata uhai tena.

"...Kozi? Kozi, jibu!"

"Nipo. Hakuna mlipuko. Leta mafundi wa mabomu, wavae nguo za kiraia. Lori la nazi?"

"Limefika kizuizi cha kwanza saa kumi na dakika thelathini na mbili. Dereva amewakuta askari wote kumi na wawili. Nasikia alianza kulia mwenyewe."

"Chome?"

"Tumempata. Ndani ya kisima cha ghala."

"Mke wake ameambiwa?"

"Bado."

"Nitamwambia mimi. Naenda kwake Msambweni."

*

Umati ulirudi umekunja uso. Mafundi wa Japheth, wanaume watano wenye kofia, walikuwa wameshaweka kamba kuzunguka Raika R. Walisema tanki lilikuwa limetoboka, kwamba gari haliwezi kuwashwa leo, na labda kamwe. Mzungu, walisema, amepelekwa hospitali.

Hapo hasira ikapata mahali pa kwenda.

"Nani alisema kuna ya mkono?" Suleiman alifoka, jasho likimtiririka. "Nani? Tumekimbia mpaka barabarani kama wendawazimu, tumekuta polisi wawili na punda!"

"Alikuwa mwanamke," mtu mmoja alisema. "Yule mwenye leso."

Vichwa vilianza kugeuka. Kahaso alikuwa hatua ishirini kutoka kwenye Probox, mkoba begani, anatembea bila haraka. Vichwa vilikuwa vinamfuata.

Baya alitoka kwenye minazi. Alilitazama gari. Alimtazama dada yake. Alipanda juu ya boneti ya Golf yake ili wote wamwone.

"Mimi ndiye niliyemtuma aseme," alisema. "Nilipata habari za uongo mtandaoni."

Uwanja mzima ulizomea. Mwenyekiti mzima! Anayejua Raika R mpaka idadi ya skrubu! Mtu alimrushia ganda la ndizi. Suleiman alisema kuanzia leo klabu itachagua upya.

Baya alisimama pale na kuzomewa, mikono mfukoni, mpaka aliposikia injini ya Probox ikigeukia njia ya Msambweni.