Msumeno wa Baba na Ng'ombe wa Nyanya

Ijumaa alasiri nyumbani kwetu huwa ni mbio tupu. Sisi ni Wasabato, na jua likishatua siku hiyo hakuna kufua, hakuna kununua wala kuchanja kuni. Kwa hiyo nilizijua kazi zangu: kuteka maji, kumletea Nyanya majani ya ng'ombe wake, halafu kuchanganya mafuta ya msumeno wa Baba ili Jumapili alfajiri aondoke bila kuchelewa.

Baba yangu, Okari, hupasua mbao kwa msumeno wa mashine, ule ambao hapa Lambwe kila mtu huuita pawaso. Watu humwita awaangushie mikaratusi na kuipasua papo hapo. Msumeno wenyewe ulinizidi umri. Rangi ilikuwa imebanduka na mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli, lakini ulipowashwa ulisikika hadi ng'ambo ya bonde. Mashine ile hainywi petroli tupu. Lazima petroli ichanganywe na oili yake kwa kipimo, la sivyo chuma kitasagana na chuma ndani ya injini. Baba alinifundisha kazi hiyo nikiwa na miaka kumi. "Nyarangi hupima vizuri kuliko mimi," aliwaambia watu, nami kichwa kikavimba.

Ijumaa moja, siku shule zilipofungwa, nilichelewa. Rafiki yangu Emmaculate alikuwa na kamba mpya ya kuruka, basi tukaruka, tukahesabu, tukabishana, tukaanza upya. Niliposhtuka jua lilikuwa limeshika kilima. Nikakimbia kwa Mama Filister, anayeuza petroli kwa chupa kando ya barabara, nikarudi nyumbani nikihema. Lo! Chupa ya oili ilikuwa tupu, na duka la oili liko mwisho kabisa wa soko. Ndani, Mama alikuwa ameshaanzisha wimbo wa kuikaribisha Sabato. Nikaimimina petroli tupu kwenye mtungi wa mafuta wa Baba, nikafunga kifuniko. Nikajiambia, kesho jua likitua nitakimbia dukani.

Kesho yake jua lilipotua nilikuwa kwa kina Emmaculate nikisukwa nywele. Nilisahau kabisa. Jumapili nilipoamka, Baba alikuwa ameshaondoka na mtungi wake. Hakuuchunguza. Kwa nini auchunguze? Si niliuandaa mimi?

Saa nne hivi alirudi na msumeno begani. Aliuweka chini ya dirisha la jikoni.

"Umekata gogo nusu, ukalia vibaya, ukazima," alimwambia Mama. "Kamba ya kuwashia haivutiki hata kidogo."

Nilikuwa nikisugua sufuria. Nilijua saa ile ile. Sasa, mimi darasani huitwa Redio, kwa sababu mdomo wangu haulali. Siku hiyo redio ilizimika. Niliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imekwisha kung'aa.

Jioni wakaketi kuamua. Mama alitaka msumeno utengenezwe.

"Mpelekee fundi, Baba Nyarangi," alisema. "Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Ufa huu nimeuziba mara ngapi?" Baba akajibu. "Mwaka jana kabureta. Juzi plagi, halafu kamba. Mashine imezeeka. Nikiitengeneza leo, kesho itadai kitu kingine. Na yule fundi wa mashua kule Karungu anataka mbao zake kabla ya mwezi kwisha. Akiona nasuasua, atamwita mtu mwingine."

"Na mpya tutanunua na nini?"

Aliyejibu ni Nyanya, mama yake Baba, ambaye alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga.

"Muuzeni Shukrani," alisema.

Shukrani alikuwa ng'ombe wake, na ndiye pekee aliyekuwa naye. Mama yake Shukrani alikufa siku alipomzaa, na Nyanya akamlea ndama yule kwa chupa kama mtoto mchanga. Mwaka huo huo Babu alifariki. Nyanya alikuwa akisema wazi kwamba asingekuwa na ndama wa kuamkia asubuhi, asingeamka. Tangu hapo alimkamua mwenyewe na kumpigia hadithi zote za kijiji. Sisi tulicheka, lakini yeye hakujali.

"Hapana, Mama," Baba akasema. "Huyo simgusi."

"Ng'ombe ni wangu na mwana ni wangu. Unadhani nitakaa hapa ninywe maziwa huku watoto wako wakilala njaa?"

Ungesema nini, wewe unayesoma hadithi hii? Najua ungesema kweli. Mimi pia nilidhani ningesema. Jumatatu asubuhi nilimfuata Baba nyuma ya nyumba, nikaanza, "Baba, ule msumeno..." Akanishika bega. "Usihuzunike, mama," akaniambia kwa upole. "Si kosa la mtu. Kila kitu huzeeka." Ule upole ulinifunga mdomo kuliko kiboko. Nikaondoka.

Jumanne akaja Kerosi, mnunuzi wa ng'ombe, na gari lake dogo la mizigo. Wanaume wakaweka ubao wa kupandia. Shukrani akagoma. Walimsukuma, wakamvuta pembe, akakita miguu na kulia. Ndipo Nyanya akasema, "Wacheni. Mnamtisha bure." Akapanda ubao yeye mwenyewe, kwa magoti yake yale mabovu, akasimama ndani ya gari na kumwita kwa jina. Shukrani akamfuata pole pole mpaka juu. Alimwamini tu.

Nyanya alipoteremka, gari likaenda. Alibaki na kamba mkononi. Aliikunja, akaingia nyumbani kwake na kufunga mlango, na hakutoka mpaka asubuhi. Nilitaka kukimbia nyuma ya gari lile nikipiga kelele. Sikukimbia.

Jumatano Baba alinichukua twende naye Homa Bay kununua msumeno mpya. Ule wa zamani tuliubeba pia, kwa kuwa huenda fundi Levis angependa kuununua kwa ajili ya vipuri. Fundi Levis ana kibanda kilichojaa injini zilizofunguliwa, na ni mtu wa maneno mengi.

"Omera, ndugu yangu Mzee Okari, unataka kuzika mtu kabla daktari hajampima?" alimwambia Baba. "Ngoja kwanza nifungue."

Akafungua skrubu, akaitoa pistoni, akaigeuzageuza kwenye mwanga. Kisha akatuonyesha. Kipande kile cha chuma kilikuwa kimechubuka ubavuni, mistari kwa mistari.

"Mashine hii haikufa kwa uzee," akasema. "Imekunywa petroli bila oili. Nani aliichanganya?"

"Haiwezekani," Baba akasema. "Anayechanganya ni binti yangu huyu. Huyu hakosei kipimo. Basi ni petroli ya Filister! Ameitia kitu. Nikirudi leo nitamwambia mbele ya soko zima, na hakuna mtu atakayenunua kwake tena."

Mkono wake ulikuwa begani mwangu akisema hayo. Mama Filister ana watoto wanne na meza moja ya petroli, basi. Nikaona kwamba ng'ombe ameenda, na sasa mtu mwingine ataenda, na mimi bado nimenyamaza.

"Baba, ni mimi," nikasema. "Oili ilikuwa imekwisha. Niliweka petroli tupu. Nilikuwa nimechelewa kwa kuruka kamba."

Mkono ukatoka begani.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumapili, Baba. Uliporudi tu."

"Jana ulimwona Nyanya yako akimpandisha ng'ombe garini?"

"Ndiyo, Baba."

Nilingoja kofi. Afadhali angenipiga. Aliketi kwenye benchi la fundi, akavua kofia, akajifuta macho nayo mbele yangu na mbele ya fundi, bila kujificha. Mimi nikaanza kulia kwa sauti, na hakuna aliyeninyamazisha.

Fundi Levis alikohoa. "Mzee, mwili wa mashine ni mzima," akasema polepole. "Kabureta safi, mnyororo bado una meno. Tubadilishe pistoni na silinda tu, itakukatia miti miaka mingine mingi. Bei yake haifiki hata mguu mmoja wa ng'ombe."

Baba akatoa simu, akampigia Kerosi. Akamwomba amrudishe ng'ombe, naye atarudishiwa pesa zake zote na asante juu. Nilisikia jibu kutoka pale niliposimama.

"Pole sana, Mzee Okari. Nilimfikisha Migori jana ile ile, wachinjaji wakamchukua. Leo asubuhi nyama yake imeshauzwa."

Majuto ni mjukuu, wazee walisema, na mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi. Njia nzima ya kurudi Baba alinena mara moja tu. "Nyanya yako utamwambia wewe," alisema. "Mimi sitakusemea."

Nilimkuta Nyanya uani. Nilipiga magoti nikamwambia yote, kuanzia kamba ya kuruka mpaka maneno ya Kerosi. Sikujitetea. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akajifunika uso kwa leso na kulia kama nilivyosikia watu wakilia matangani. "Mimi ndiye niliyemwita," alirudia. "Mimi ndiye niliyemwita akapanda." Mama akaja kumshika. Mimi nilibaki pale chini.

Fundi alimaliza kazi siku ya pili. Msumeno ukanguruma kama zamani, na mbao za Karungu zikafika kabla ya mwezi kwisha. Kwa pesa za ng'ombe zilizobaki Baba alimnunulia Nyanya mtamba mwekundu. Nyanya alishukuru na kumfunga zizini. Anamlisha vizuri, ila hajampa jina.

Ijumaa iliyofuata nilikaa jikoni nikijua kazi ile si yangu tena. Baba akaita kutoka nje, "Nyarangi! Petroli hii hapa, na oili hii hapa. Njoo upime." Nilitoka. Alisimama kando, akaniachia kipimo. Nilipima mara tatu kabla ya kumimina.

Nilipomaliza, Nyanya aliniita nikae karibu naye.

"Sikiliza, mjukuu wangu," akasema. "Kusahau oili ni kosa la mtoto anayependa kucheza. Hata mimi nilicheza. Ungesema Jumapili ile, ningekukasirikia mpaka jioni, kisha tungekula ugali na maziwa tukalala. Baba yako angejua la kufanya na mashine yake. Lakini ulinyamaza, sisi tukaamua gizani, na ng'ombe wangu akalipa. Ukweli husemwa mapema, mama, wakati bado unaweza kuokoa kitu. Ukichelewa nao, unabaki kuwa habari tu."

"Umenisamehe, Nyanya?"

"Nimekusamehe. Nilikusamehe siku ile ile." Akanivuta kichwa changu mapajani mwake. "Lakini kila jioni, kabla sijakumbuka, bado natoka na ndoo ya kukamulia."