Kava za Gari Jekundu

Mama alikuwa anashona kava ya kiti cha mbele. Kitambaa cha kijani kilifunika nusu ya meza. Gari lenyewe lilikuwa bado kwa dalali.

"Unamvisha nguo mtoto ambaye hajazaliwa?" jirani alimtania mlangoni.

Jirani huyu alikuwa fundi wa magari. Mtaa mzima ulimwita Mama Spana.

"Viti nimevipima mwenyewe," mama alisema. "Gari jekundu, linang'aa kama kioo! Kesho tunalipa."

Binti yake aliketi sakafuni, akikata nyuzi. Alikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Kila siku kabla ya masomo alifanya kazi kwenye duka la mikate. Alitoka nyumbani alfajiri, kwa miguu, kabla mabasi hayajaanza. Mama hakulala tena mpaka apate ujumbe: "Nimefika." Akiba yao ilitoka kwenye mikate na cherehani. Ingepotea, hata chuo kingesimama.

"Mmeliona likiwashwa?" Mama Spana aliuliza.

"Ndiyo, mama mdogo. Linawaka mara moja tu."

"Uligusa boneti kwanza?"

Binti alifikiri. "Niliiegemea. Ilikuwa ya moto. Nikadhani ni jua."

"Labda jua. Labda liliwashwa kabla hamjafika. Injini ikishapata joto, hata mbovu huwaka vizuri. Wewe utaliwasha saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Basi nendeni mkalione alfajiri."

Mama aliacha kukanyaga cherehani. "Si dalali atatuona wasumbufu?"

"Atuone. Hela ni zenu, shoga yangu. Tena gari hilo nalijua, injini yake ni kubwa, inakunywa mafuta kama ina kiu ya mwaka. Mwanafunzi anahitaji gari dogo, ambalo vipuri vyake viko kila duka. Na msimalize akiba yote. Kuna bima, kuna tairi, kuna matengenezo."

Kesho yake wote watatu walifika kwa dalali kabla ya jua kuchomoza. Boneti ilikuwa baridi. Dalali alichukua ufunguo shingo upande. Gari lilikohoa, likazima. Likakohoa tena. Lilipowaka, moshi wa buluu ulitoka nyuma.

"Ni asubuhi tu," dalali alisema. "Hata mimi huamka vibaya."

"Lakini wewe hutoi moshi," Mama Spana alijibu. "Moshi huu ni oili inaungua ndani. Kutengeneza injini hii ni gharama kubwa."

Binti aligeuka ili machozi yasionekane. Mama alimshika mkono.

"Twende, mwanangu. Tutatembea kidogo tena. Nitakuwa nakusindikiza."

Wakaendelea kutafuta, na kila alfajiri mama akamsindikiza. Mwishowe walipata gari dogo la kijivu la mwalimu mstaafu. Mlango mmoja ulikuwa umekwaruzwa.

"Limekwaruzwa," binti alinong'ona.

"Mkwaruzo haulizimi gari njiani," Mama Spana alisema.

Waliliwasha likiwa baridi. Halikukohoa. Mama Spana aliinama kuangalia kama linavuja, akatazama tairi, akaliendesha na kujaribu breki. Kisha akamwambia binti asome namba iliyogongwa kwenye bodi ya gari. Ililingana na ile ya kwenye kadi ya gari. Jina kwenye kadi lilikuwa la mwalimu, sawa na kitambulisho chake. Ndipo wakalipa, na akiba kidogo ikabaki.

Alfajiri iliyofuata, mama alisikia injini ikiwaka, ikitulia, ikiondoka. Alishika simu kusubiri ujumbe. Ulipoingia, alikuwa amelala fofofo.

Jioni binti alimkuta mezani, anafumua mishono. Viti vya gari dogo vilikuwa vyembamba, na kava zote zilipwaya.

"Ungesubiri tununue kwanza, mama," binti alicheka, akichukua mkasi.

"Nilikuwa na haraka ya kukuona umekaa vizuri."

Binti alimwegemea begani kidogo, kisha wakaendelea kufumua. Mwanga wa dirishani ulipofifia, kava ya dereva ilikuwa tayari. Mama alichomeka sindano kwenye kitambaa kilichobaki.

"Hii ya kiti cha pembeni, kesho."

"Na pembeni atakaa nani?"

"Mimi. Siku huna kazi, unizungushe."

"Wapi?"

"Popote," mama alisema, akikunja kitambaa. "Mradi tusitembee."