Mapigo Mawili ya Spana

Kila siku akitoka shule, Sikio aliingia gereji kwa mlango wa nyuma, akatundika sare yake kwenye msumari, akavaa ovaroli lililokunjwa miguu na mikono kama la mtu aliyesinyaa. Jina lake la shuleni lilikuwa jingine, ila pale gereji hakuna aliyelitumia. Mjomba wake ndiye aliyembatiza Sikio, kwa sababu ya kazi aliyomfundisha.

Gereji ilikuwa ya mama yake. Kazi yao ilikuwa moja tu: mabomba ya moshi ya magari, yaani egzosi. Walikata, walikunja, walichomelea, walifunga. Mama alichomelea juu, na Mjomba, mdogo wake Mama, alifanya kazi shimoni. Shimo lenyewe ni handaki la zege ambalo gari huegeshwa juu yake, fundi akasimama chini akiwa na taa na spana zake.

Gari likinguruma juu ya shimo, fundi wa chini anaweza kupiga kelele mpaka sauti imkauke, na wa juu asisikie kitu. Kwa hiyo Mjomba alizungumza kwa spana. Akigonga ukingo wa chuma wa shimo mara mbili, maana yake: nipo salama, endelea. Akigonga mara tatu: zima gari. Sikio aliketi kwenye kibao, kiganja chake kimelala juu ya ukingo, akiyapokea mapigo kwa mkono na kuyajibu kwa nyundo ndogo.

"Wenzake wana masikio kichwani," Mjomba alipenda kuwaambia wateja. "Mpwa wangu lake liko kiganjani!"

Sikio alikuwa na kazi nyingine tena, ya kuvisha mpira wa moshi. Ulikuwa mpira mnene wenye midomo miwili, Mama aliuunga mwenyewe. Midomo huvalishwa kwenye mabomba ya gari, mkia hutokezwa nje dirishani, na moshi hutoka bila kumgusa mtu. Mama hakuwa na mchezo na mpira ule. "Gari haliwashwi humu ndani mpaka mpira uvae na mlango uwe wazi," alisema kila asubuhi. "Hata aje malaika na gari lake." Akisema hivyo hutazama picha ya Babu iliyoning'inia juu ya benchi. Babu alikuwa fundi wa magari, akafia kazini kabla Sikio hajazaliwa. Watu walisema ni moyo.

Alasiri hiyo likaja gari la michezo, rangi ya damu ya mzee, limelala chini kama chui anayenyatia. Mwenye gari alishuka na miwani myeusi, akaingia nayo mpaka ndani kwenye kiza. Mjomba akanong'ona, "Bwana Miwani huyo. Asije akakanyaga ndoo." Sikio akacheka kimoyomoyo.

"Nataka likipita watu wageuke," Bwana Miwani alisema. "Sasa hivi linakoroma kama paka mwenye mafua."

Mama alijifuta mikono. "Gari lako lina turbo mbili. Turbo ni kama kinu kidogo. Moshi ukiwa njiani kutoka unakizungusha, nacho kinasukuma hewa ndani ya injini, ndipo gari linapata nguvu. Bomba likiwa pana, moshi unatoka upesi na turbo inazunguka kwa wepesi. Hapo naweza kukusaidia." Akamwonyesha mabomba mawili juu ya benchi. "Hili la kwanza limepanuka kidogo, lina vichujio vya moshi na mafla mbili za kupunguza kelele. Hili la pili ni pana zaidi, vichujio vyake vyepesi, mafla moja. Litakupa mlio mzito, wa mtu mzima."

Bwana Miwani hakuyatazama. Alikuwa akiyakodolea macho mabomba yaliyoegemea ukutani, yakimetameta. "Na yale?"

"Yale yaliagizwa kwa gari la kiwanjani, la mashindano. Hayana kichujio wala mafla. Sumu yote inatoka kama ilivyo."

"Nifungie yale."

"Hapana, baba. Chukua la pili."

Bwana Miwani akainua mabega, Mama akadhani wamekubaliana. Alikuwa amebakiza kitu kimoja tu, gasketi za kuzibia maungio, akachukua mwavuli akaenda kuzitafuta duka la vipuri. Mlangoni akageuka kumwambia Mjomba, "La pili. Umenisikia?"

"Nimesikia, dada."

Mwavuli wa Mama ulipokata kona tu, Bwana Miwani akaenda kuinama ukingoni mwa shimo.

"Hivi fundi ni wewe au dada yako?"

"Sote mafundi."

"Aa. Mimi nilisikia mjini kwamba fundi ni wewe. Kumbe hata bomba la kujaribu unasubiri ruhusa! Nataka kusikia tu, kaka. Kusikia nako kuna dhambi?"

Mjomba alikuwa mtu mwema, ila sifa zilimlevya, na dharau ilimchoma. Aliyafunga yale mabomba matupu. Mvua ikaanza kunyesha. Watoto wa mtaani wakajazana mlangoni kulitazama gari, wengine wakiinua simu wapige picha.

"Funga mlango," Bwana Miwani alimwamuru Sikio. "Sitaki gari langu liwe sinema ya bure."

Sikio aliangalia shimoni. Mjomba alikuwa amejikunja mbele kabisa na taa yake, akigonga bomba likae sawa, hakuona wala kusikia. Bwana Miwani hakumngoja mtoto. Aliuvuta mnyororo mwenyewe, mlango wa chuma ukashuka mpaka sakafuni. Sikio akainama kuvisha mpira, akauvalisha mdomo wa kwanza.

"Toa hilo dude! Nitasikiaje mlio kwenye mpira?"

"Mama amesema..."

"Mama yako yuko wapi?"

Sikio akautoa. Mpira ukaanguka sakafuni kama nyoka aliyekufa.

Sauti ya Mjomba ikatoka chini. "Sikio! Mpira umevaa?"

Bwana Miwani akamtazama. Aliinua kidole, akakiweka mdomoni pake.

Wewe unayesoma, utakutana na vidole vya namna hiyo. Vipo viwandani, vipo mashambani, vipo maofisini, na vimewanyamazisha watu wakubwa kuliko Sikio. Akasikia mdomo wake ukisema, "Umevaa, mjomba."

Gari likawaka.

Haukuwa mlio, ulikuwa mpasuko. Mabati ya paa yalitetemeka, spana zikacheza ukutani, picha ya Babu ikaenda upande. Bwana Miwani alikaa ndani, vioo amefunga, akikanyaga mafuta na kuachia, akikanyaga na kuachia, meno yote nje. Chini yake Mjomba alipapasa maungio kutafuta moshi unapovuja. Sikio akabana kiganja chake kwenye ukingo.

Ko, ko. Mapigo mawili. Akajibu kwa nyundo. Moyo ukatulia kidogo.

Ko, ko. Akajibu tena. Kichwa kikaanza kumgonga kwa ndani. Macho yakawasha. Alijiambia ni kelele tu.

Ko... ko. Safari hii yalikuja yamelegea, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua. Sikio akajibu kwa nguvu. Ukuta wa mbele ulikuwa unasogea na kurudi.

Ko.

Akangoja la pili. Lilikawia. Chuma kilitetemeka kwa mngurumo wa gari tu, hakuna mkono wa mtu ndani yake. Akagonga kwa nyundo, kiganja kikasubiri. Akagonga tena. Hofu mbili zilimshika kwa pamoja, moja huku, moja kule: akisema, uongo wake utajulikana; asiposema, Mjomba yuko chini. Akachungulia shimoni. Taa ilikuwa imelala chini, na pembeni ya taa kulikuwa na kiatu cha Mjomba, ncha imeelekea juu.

Sikio alipiga yowe ambalo hata mwenyewe hakulisikia. Akaliendea gari akiyumba, akagonga kioo. Bwana Miwani akampungia mkono aondoke. Akagonga kwa nyundo, kioo kikaweka ufa. Mlango ukafunguka kwa hasira.

"Wewe mtoto una wazimu?"

"Zima! Mjomba hajibu! Nilimdanganya, mpira haujavaa!"

Miwani ikaanguka. Macho yaliyokuwa nyuma yake yalikuwa madogo na yenye woga kuliko ya Sikio. Gari likazimika. Sikio alikwisha kuukimbilia mnyororo, akajining'iniza kwa uzito wake wote, mlango ukapanda shubiri moja, ukagoma. Kisha mikono ya mtu ikaingia chini yake kwa nje, mlango ukaruka juu. Alikuwa Fundi Matairi wa ng'ambo ya barabara, na nyuma yake Mama, gasketi mkononi.

Mama hakuuliza. Aliona mpira sakafuni. "Sukumeni gari nje! Fungueni madirisha! Mtu asiruke shimoni!" Gari lilipotoka, aliielekeza feni kubwa mdomoni mwa shimo ikapuliza, akajifunga kamba kiunoni, akampa Fundi Matairi ncha. "Nikianguka nivute." Akavuta pumzi, akaizuia, akashuka. Alimfunga Mjomba kamba ile kwapani, akapanda, wakamvuta wote, mpaka watoto wa mtaani. Mjomba alipumua kwa shida, mwili umelegea kama nguo iliyoloa. Wakampakia kwenye pikapu ya Fundi Matairi.

Hospitalini daktari alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya haraka. "Imekuwaje?"

Bwana Miwani alikuwa amewafuata. Alishakuwa amevaa miwani yake tena, na akawa wa kwanza kusema. "Alikuwa anashika kifua tangu asubuhi, daktari. Nadhani ni moyo."

Mama akaganda. Sikio alimwona mama yake, yule asiyeogopa moto wala chuma, akitetemeka kama mtoto.

Bwana Miwani akamgeukia Sikio. Hakuinua kidole safari hii, macho tu yalitosha. Sikio aliogopa vilevile. Lakini kiganja chake kilikuwa bado kinangoja pigo ambalo halikuja.

"Siyo moyo," alisema. "Ni moshi. Mlango ulikuwa umefungwa, gari halina vichujio, mpira haukuvaa. Mjomba aliuliza, mimi nikasema umevaa. Hata mimi kichwa kinaniuma."

Daktari hakumkaripia. Akageuka upesi. "Oksijeni! Huyu, na mtoto pia. Na wewe bwana, keti hapo, ulikuwa humo humo." Akimfunga Sikio barakoa, akamwambia, "Moshi wa gari una sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa. Mtu analegea huku akidhani amechoka. Ningeshughulika na moyo kwanza, tungechelewa."

Bwana Miwani akaketi, akaivua miwani.

Jioni Mjomba alikuwa bado amefumba macho. Sikio aliketi kando, kiganja chake juu ya chuma cha kitanda. Hakuthubutu kumtazama mama yake. Ndipo akausikia, kidogo sana, ukucha juu ya chuma. Ko. Akazuia pumzi. Ko.

Akalia mpaka barakoa ikajaa ukungu. Akajibu kwa ukucha wake.

Mama akamkumbatia. "Nichape, Mama," Sikio alisema.

"Nikuchape kwa lipi? Ulidanganya, na uongo wako nusura utuzikie mtu. Hilo hutalisahau, na sitaki ulisahau. Lakini sikiliza. Unadhani sheria ya mpira niliiota usingizini? Babu yako alifia kwenye gereji ya tajiri mmoja, milango imefungwa kwa sababu tajiri alichukia vumbi. Wenzake wote waliona. Tajiri akasema ni moyo, nao wakaitikia, moyo. Moyo wa baba yangu ulikuwa mzima, mwanangu! Miaka yote hii nangoja mtu mmoja tu aseme ni moshi." Akamfuta machozi kwa kiganja kigumu. "Leo amesema. Mwanzo kuogopa kulikufunga mdomo, mwisho ukasema na woga wako ukiwa palepale. Ukiona mtu yuko hatarini, sema kweli, hata kama kweli hiyo inakushtaki wewe. Aibu utaamka nayo kesho na utaiosha. Maiti haioshwi ikaamka."

Mjomba aliporudi kazini, Bwana Miwani naye alirudi kuchukua gari lake. Mama alimpokea mlangoni.

"Litatoka hapa na vichujio vyake, au litatoka likivutwa kwa kamba. Chagua."

"La pili," alisema akitazama chini. Mabomba matupu hayakuwapo tena, si garini wala ukutani. Mama alikwisha kuyafungua na kuyakata vipande vinne, yakawa miguu ya benchi jipya la Sikio.

Mjomba akashuka shimoni, akalifunga la pili. Bwana Miwani akaketi kwenye usukani, kidole juu ya kitufe cha kuwashia.

"Sikio! Mpira umevaa?"

"Bado, mjomba! Mtu asiwashe!"

Bwana Miwani akatoa kidole. Watu wazima wote walisubiri. Sikio akavalisha mdomo wa kwanza, akavalisha wa pili, akavuta kuona kama imeshika, akaenda mpaka dirishani kuutazama mkia. Mlango ulikuwa wazi, na watoto wa mtaani wamejaa. Akarudi kwenye benchi lake, akalaza kiganja juu ya ukingo.

"Sasa umevaa," alisema.

Ko, ko.