Sentimita Ishirini

Kila jioni, shangazi yake Kiroboto akitoka kazini kwenye duka la mikate, unga bado umemganda kwenye nyusi, walikwenda uwanjani watatu: yeye, upondo wake mrefu wa kurukia begani, na Kiroboto nyuma yao na tepu ya kupimia. Kiroboto alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu hakujua kutulia.

Kazi yake ilikuwa moja. Aliikanyaga pete ya tepu kwenye ukingo wa kisanduku cha chuma kilichofukiwa ardhini, pale shangazi anapochomeka upondo. Shangazi alirudi nyuma akiikunjua tepu mpaka kwenye namba yake, mita ishirini na tano na sentimita themanini, akaweka alama. Mrukaji asipoanzia mahali pake hasa, hatua ya mwisho humharibikia na upondo hukataa kusimama. Lakini akianzia mahali pake, lo, Kiroboto hakuchoka kumtazama. Mwanamke aliyeshinda siku nzima akikanda unga alipaa miguu juu, kichwa chini, akauvuka ufito uliolazwa juu ya nguzo mbili bila kuugusa.

Wiki tatu kabla ya mashindano, Kiroboto aliifunga tepu nyuma ya baiskeli ili akokotee boksi, na mnyororo ukaitafuna. Aliogopa. Alikata sehemu iliyochanika, sentimita ishirini kamili za mwanzo, akaishona pete upya kwa sindano ya bibi, kisha akapiga kimya.

Kesho yake shangazi aliona anakikaribia mno kisanduku. Badala ya kuishuku tepu, alifurahi.

"Hatua zangu zimerefuka," alisema. "Mazoezi yamejibu."

Akaisogeza alama nyuma hadi mita ishirini na sita. Kiroboto alitabasamu naye, lakini moyoni hakuwa na raha.

Siku ya mashindano, waliingia ukumbi mkubwa ulioezekwa kwa mabati, na taa zake ziling'aa kama mchana. Wanawake tisa walijipanga kando ya njia ya kukimbilia, kila mmoja na pondo zake. Kulikuwa na mmoja mfupi, mwenye mabega mapana, aliyeruka akicheka. Kulikuwa na mwingine, mama wa watoto wawili, aliyeunong'oneza upondo wake kabla ya kukimbia. Kiroboto aliwapenda wote.

"Mtu mzima na akili zake, anakimbia na mti mkononi," alinong'ona bibi, aliyeketi naye jukwaani, akijifunika uso kwa mtandio. "Nifungue macho lini, mjukuu wangu?"

"Sasa hivi, bibi. Ndiye huyo."

Shangazi alikimbia, akachomeka, akapanda. Upondo ulipinda, lakini haukusimama sawasawa, na shangazi akaushukia ufito, wakaanguka pamoja kwenye godoro. Mwamuzi aliinua kibendera chekundu. Mara ya pili ikawa vilevile. Sasa alibaki na nafasi moja tu, na akiikosa, anarudi nyumbani bila hata kimo kimoja cha kuandikwa.

Alikuja kwenye kizuizi cha jukwaa kunywa maji. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sijui nimekuwaje leo," alisema. "Ninaruka nikiwa mbali na kisanduku. Nimepima kwa tepu yao iliyotandazwa pale, ishirini na sita, kama nyumbani. Labda ni miguu yangu tu. Labda nimezeeka."

Kiroboto alihisi masikio yanawaka moto. Akisema, hatashika tena tepu maisha yake. Akinyamaza, shangazi ataamini kwamba amezeeka. Hilo la pili hakuliweza.

"Shangazi, si miguu yako. Ni mimi. Tepu yetu niliikata upande wa mwanzo, sentimita ishirini, nikaishona pete. Ya hapa ni nzima, kwa hiyo umeanzia mbali."

Shangazi alimkazia macho. Aliweka chupa chini, akarudi, akabandua plasta yake nyeupe ya alama na kuisogeza mbele sentimita ishirini.

Alipoitwa, alivuta pumzi ndefu akaanza kukimbia. Hatua ziliongezeka kasi, upondo ukalia kwenye chuma, ukapinda, ukamrusha. Akapita juu ya ufito kwa nafasi ya kiganja kizima, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Bibi alipiga zaidi ya wote, na safari hii macho yake yalikuwa wazi. Shangazi aliuvuka ufito mara tatu zaidi siku ile na kumaliza wa nne, kwenye kimo ambacho hakuwahi kukifikia.

Njiani kurudi, Kiroboto alimpa tepu. "Tafuta mtu mwingine wa kuishika," alisema, akilia.

Shangazi aliipapasa ile mishono.

"Kuikata ilikuwa bahati mbaya," alisema. "Kunificha wiki tatu nzima, hilo ndilo kosa, na limenigharimu miruko miwili na karibu kila kitu. Sikiliza, mwanangu. Tepu iliyokatika bado inapima vizuri, mradi ujue imekatika wapi. Na mtu ni vivyo hivyo. Ukikosea, niambie mapema, tutahesabu pamoja."

Akamrudishia tepu. Jioni iliyofuata Kiroboto aliandika kwa wino mweusi kando ya pete, "Inaanzia ishirini," kisha akaikanyaga na kumwambia shangazi aende nyuma.