Juisi Aliyoiacha Nestor Mezani

Wasomaji wenzangu, mkiniona nashtuka simu inapolia, msinicheke. Nina miaka ishirini na sita, ni fundi cherehani mjini Muyinga, Burundi, na hofu iliyoniingia siku mpenzi wangu Nestor alipokuja kutuaga haijanitoka hadi leo.

Nestor alikuwa mwanajeshi, kikosi chake kikiwa Gitega. Alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, kisha wazazi wake wakarudi kulima maharage Bugendana. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu. Baba yangu aligoma muda mrefu kumpokea, akalegea tu aliposikia kijana anapelekwa Somalia kulinda amani.

"Acha akuje," alisema. "Mutu hawezi kuenda mbali vile bila kuaga."

Nilikamua marakuja, yaani pasheni, kwa furaha... Baba akalichukua jagi mikononi mwangu, akammiminia mgeni yeye mwenyewe, heshima ambayo hampi kila mtu. Hakujimiminia. Nestor akaitazama ile glasi, akamtazama baba, jasho likamtoka. Akairudisha mezani bila kuigusisha mdomoni, akasema basi la Gitega litamwacha.

Nilimfuata mlangoni. Nilimuuliza kuna nini.

"Hakuna kitu, Zuhura. Niombee."

Akaenda zake.

Baba alifura. "Mi niko muuaji? Anakataa kinywaji yangu mbele ya batoto yangu!" Akakataza jina la Nestor lisitajwe nyumbani. Nestor naye hakupiga simu. Nifikirie nini? Amepata mwingine? Dini imemshinda? Kila redio ilipoitaja Somalia, nilisimamisha cherehani nikasikiliza.

Hofu iliponizidi, nilimdanganya baba kwamba nafuata vitambaa Gitega, nikaenda Bugendana, nikapanda kilima kwa miguu mpaka kwa mama yake Nestor. Alinisikiliza, kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Mwanangu, baba yako alionja kwanza?"

Kwao, anayekupa kinywaji hukionja mbele yako ili ujue hakina sumu. Sisi nyumbani kwetu pombe haiingii, na desturi hiyo hatukuwa nayo. Tena huko kikosini walikuwa wametiana hofu kwamba wanaochaguliwa kwenda ng'ambo huonewa kijicho, wakalishwa sumu siku ya kuagwa. Nestor aliogopa hata chakula cha majirani!

"Lakini mama, ilikuwa Alhamisi," nikasema huku nikilia.

Baba yangu hufunga sunna kila Alhamisi, na hamwambii mtu. Angeonjaje?

Mama yake Nestor alimweleza mwanawe alipopiga simu kutoka Somalia, na jioni hiyo Nestor akanipigia mimi. Alicheka kwa aibu. "Mwambie mzee nikirudi nitalimaliza jagi zima." Nilimfikishia baba ujumbe huo, nikamweleza na desturi yao ya kuonja. Baada ya swala nilimsikia akimtaja Nestor katika dua zake. Nikaanza kulala usingizi. Nikaanza hata kuchagua kitambaa cha nguo ya harusi...

Simu iliyofuata haikuwa ya Nestor.

Alirudi kutoka Somalia ndani ya sanduku. Nilikwenda Bugendana kumzika nikiwa siwezi hata kusema mimi ni nani kwake, na baba akanifuata bila kunieleza kwa nini amebeba chupa ya juisi ya marakuja kutoka Muyinga. Baada ya mazishi aliimimina kwenye glasi, akasimama mbele ya mama wa marehemu, akanywa funda moja watu wote wakiona, ndipo akampa. Mama akainywa yote.

Siku hiyo pia ilikuwa Alhamisi. Baba alikuwa ameamka na saumu yake.

Wasomaji, nawasihi, hasa ninyi mnaopendana na watu wa kilima kingine au dini nyingine. Mgeni akiiacha glasi mezani, muulizeni palepale. Mimi nilimwacha aondoke na jibu lake, na mpaka leo marakuja siwezi kuyakamua.