Maimuna na Mwisho wa Jua

Maimuna wa kijiji cha Munje alikuwa mkulima wa mwani. Maji ya bahari yakitoka, aliteremka pwani na wenzake wa kikundi, akafunga mbegu, vipande vya mwani mchanga, kwenye kamba. Mwani ukikomaa, aliuvuna na kuuanika juani.

Siku moja dada yake, Waridi, alimwonyesha video kwenye simu. Mtu mmoja alikuwa akipiga kelele: "Jua linakufa! Litalipuka karibuni!"

Maimuna aliingiwa na hofu. Hakuteremka tena pwani. Mumewe, Swabir, alikuwa akichimba msingi wa chumba cha watoto. Maimuna akamnyang'anya jembe.

"Chumba cha nini, baba Salwa? Nani atakaa humo?"

Kamba zake zikabaki tupu baharini. Wenzake wakaanza kuulizana kama sehemu yake apewe mtu mwingine.

Asubuhi moja jirani yao Judy, mwalimu wa sayansi, alipiga hodi. Maimuna alikuwa jikoni akipika chapati.

"Shikamoo, Bi Maimuna. Mbona huonekani pwani?"

"Marahaba, mwanangu. Niende kufanya nini, na jua linakufa?"

Maimuna alimpa simu, Judy akaitazama ile video. Hakumcheka. Alivuta kigoda, akaketi.

"Jua ni nyota, na kweli lina mwisho wake. Lakini bado lina miaka mabilioni. Hesabu miaka yote tangu babu wa babu zako mpaka leo. Hiyo kwa jua ni kama kupepesa jicho."

"Na siku hiyo ikifika, litalipuka?"

"La. Zinazolipuka hivyo ni nyota kubwa mno. Nyota ya kadiri ya jua huvimba kwanza, ikawa nyekundu. Kisha gesi yake ya nje hupeperuka angani. Hubaki kiini kidogo, karibu ukubwa wa dunia hii, cheupe kwa joto. Wataalamu hukiita kibete cheupe."

"Kinawaka?"

"Hebu epua chuma chako cha chapati. Sasa hakina moto chini. Utakigusa?"

"Thubutu! Kitaniunguza!"

"Basi kibete cheupe ni hivyo. Hakitengenezi tena joto jipya. Kinapoa taratibu, kwa miaka mingi sana."

"Nawe umejuaje?"

"Wataalamu wameviona vingi kwa darubini. Na huyu wa kwenye video, ni nani? Yeye amejuaje?"

Maimuna aliitazama video tena. Hakukuwa na jina.

"Lo! Nimemwamini mtu nisiyemjua hata jina!" Akacheka mpaka leso ikamwanguka.

Siku hiyohiyo alimrudishia Swabir jembe. Maji yalipotoka, aliteremka pwani. Wenzake walimpokea kwa vigelegele.

Msimu ule mwani ulijaa kwenye vichanja vya kuanikia. Salwa na nduguze wakahamia chumba chao kipya.

Siku ya kufunga mbegu nyingine, wenzake walimtaka Maimuna awaeleze habari ya kibete cheupe. Aliwaeleza, nao wakauliza, naye akajibu. Walinogewa na mazungumzo hadi maji yakajaa, yakawalowesha kiunoni, wakakimbilia ufukweni wakicheka.