Kibao cha Barafu

Kila asubuhi ya majira ya baridi Ylva alipita kando ya ziwa akienda shule, kofia ya sufu imemfunika hadi kwenye nyusi, mkate wa jibini mfukoni. Mwaka ule barafu ya ziwani ilichelewa kuwa nene ya kukanyagika. Wanakijiji wakawaomba wanafunzi watengeneze kibao cha tahadhari, kiwe chepesi ili mtu mmoja aweze kukihamisha kila mara barafu inapobadilika.

Mwalimu Torleif aliwapa mbao nyembamba za msonobari. Ylva aliunda fremu yake ya kushikilia kibao kwa uangalifu, lakini pembe moja ikakaa upande. Sunniva, aliyekuwa meza ya pili, aliinyanyua darasa zima lione.

"Jamani, Ylva katujengea kitanda cha kuku!"

Darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo, kila mara Ylva alipopita ukumbini mwa shule, mtu aliwika kama kuku, "Kokoko!" Fremu iliyochaguliwa ikawa ya Sunniva.

Ylva hakulia. Alichemka. Akila, akisoma, akifunga viatu, aliwaza jambo moja tu: Sunniva aaibike mbele ya kijiji kizima. Kibao kilipowekwa ufukoni, alikwenda baada ya masomo na bisibisi. Nyuma ya fremu kulikuwa na ubao wa mshazari ulioizuia isijikunje wala kulala upande. Alifungua skrubu zake zote, akazitupa thelujini.

"Sasa tuone nani kuku," alinong'ona, na roho yake ikaburudika.

Upepo ulivuma usiku kucha. Asubuhi Ylva alitoka mapema kwenda kujionea. Kibao kilikuwa kimelala kifudifudi, theluji imekifunika, na Sunniva amesimama kando yake akitweta kwa hasira.

"Ni wewe! Skrubu hazijifungui zenyewe!"

"Labda hukukaza. Si wewe ndiye fundi mkubwa?"

Kabla Sunniva hajajibu, kitu kilipasuka ziwani, kisha mtu akapiga ukelele. Bibi Oddny, aliyevua samaki kwenye barafu kila mwaka, alikuwa amepita kabla yao bila kuona kibao chochote. Sasa alikuwa majini hadi kifuani, hatua chache kutoka ufukoni, amekumbatia ukingo wa barafu.

"Fremu! Ilete!" Sunniva alipiga kelele.

Walilala kifudifudi juu ya barafu, wakaisukuma mbele yao. Bibi Oddny aliishika. Walipovuta, fremu ilijikunja kama mkasi, mikono ya bibi ikateleza, akazama hadi kidevuni.

Ylva alijua kwa nini.

"Nilitoa skrubu mimi!" alilia. "Shika pembe hiyo, mimi nishike hii, isijikunje tena!"

Sunniva alimtazama kama mtu anayetaka kumzaba kofi. Kisha akaishika pembe. Wakavuta, wakapumzika, wakavuta tena, hadi bibi alipotambaa juu ya barafu na kufika ufukoni akitetemeka.

Jikoni kwake, Bibi Oddny akiwa amefunikwa mablanketi kando ya jiko la kuni, Ylva alimweleza Mwalimu Torleif, aliyekuja mbio aliposikia habari, kila kitu.

"Nakuchukia," Sunniva alisema.

"Najua," Ylva akajibu.

Mwalimu hakumpigia kelele. Aliwachukua wote wawili hadi karakana ya shule. Ylva alifunga ubao wa mshazari kwa skrubu mpya huku Sunniva akishikilia fremu. Jioni walimpelekea Bibi Oddny aikague. Aliiegemea kwa uzito wake wote, haikutikisika.

"Sunniva," alisema, "ulimdhalilisha mwenzako mbele za watu, ukafurahia. Mwombe radhi, na hao wanaowika ukumbini uwanyamazishe wewe mwenyewe."

Sunniva aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Ylva."

"Na wewe, Ylva, ulikuwa na haki ya kukasirika. Ungemkabili uso kwa uso, ungemwambia mwalimu, hata ungenijia mimi nimgombeze. Lakini ulikwenda kwa siri kuharibu kitu kinacholinda watu wote. Ulidhani unamlipiza kisasi Sunniva. Mimi sikukucheka hata siku moja, na ni mimi niliyezama. Kisasi hakichagui mtu, mjukuu wangu. Haya, kirudisheni kibao mahali pake kabla mtu mwingine hajapita."